Watu Waliotupatanisha, Mimi na Clément

Élisabethville, Commune ya Kenya,
tarehe 3 Juni 1962

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Léonie,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Lucien na watoto wote hapo Ndola. Kikohozi kimepona? Baridi imeanza, na najua kifua chako hakipatani nayo. Sisi tuko wazima. Kwa sasa milio ya bunduki imetulia, tunamshukuru Mungu.

Kaka yetu Désiré ametoka kambi ya wakimbizi wa Kasai hapa mjini, amepanda treni ya kurudi Kasai. Alitaka tuondoke wote. Ngoja nikueleze kwa nini nimebaki, maana ilibaki kidogo tu niende.

Unajua tunavyotazamwa sisi wa Kasai tangu Katanga ijitenge. Clément ni mtu wa Lukafu, Mkatanga wa hapa hapa, lakini hajawahi kunitukana kwa kabila langu. Ila tangu Désiré alipotuma neno la kuniita, mume wangu alinyamaza. Anakula bukari ameinamisha kichwa, anakwenda kazini kwenye karakana ya reli, anarudi, kimya. Asubuhi moja nikakuta ameshusha sanduku langu la nguo kutoka juu ya kabati, ameliweka kando ya kitanda. Yaya, nililia mpaka mboga ya sombe ikaungua jikoni.

Zamani tungeita wazee wa pande mbili watuamue. Wetu wametawanyika. Mjomba wake alipofika kutoka Lukafu, alisema tu mwanamke wa Kasai arudi kwao. Padri alituombea vizuri, lakini mlangoni pake watu wamejaa na shida zao, hakupata nafasi ya kukaa nasi.

Ndipo jirani yangu Mado akanitajia mzee Alphonse, katekista, na mkewe mama Bwalya. Mzee ni wa Kasai kama sisi, mama ni Mubemba, ndoa ya makabila mawili kama yetu, na watu wenye matatizo ya ndoa huenda kwao. Nilidhani Clément atakataa. Alivaa shati lake la Jumapili, tukatoka.

Walituketisha kwenye benchi moja. Mama Bwalya akasema, “Kila mutu ataongea. Mwenziye hapana kumujibu. Kwanza arudilie vile amesikia.”

Nikasema yote, hata habari ya sanduku. Clément akatakiwa kurudia. Akasema polepole, “Anasema nilimufukuza.” Aliposikia neno hilo kinywani mwake mwenyewe, akafunika uso.

“Sikumufukuza,” akasema. “Niliogopa. Kama namuambia abakie, na batu banakuja kumuua juu ya kabila yake, ni mimi nitakuwa nimemuua. Nilishusha sanduku asione kama namufunga.”

Mama Bwalya akanigeukia. “Umesikia nini, mama?”

Nilitaka kumjibu kwamba angeniambia tangu mwanzo. Nikarudia alivyosema, neno kwa neno, na nilipofika kwenye “niliogopa” nikamgeukia Clément. Mzee Alphonse hakutuamulia lolote. Alituuliza tu kila mmoja anataka nini, asitafute lile ambalo mwenzake anataka kusikia. Nikasema nataka kubaki. Clément akasema, “Na mimi nataka abakie. Hata nikiogopa.”

Kesho yake Clément alikwenda mwenyewe kambini, mahali ambapo watu wa kabila lake hawakuthubutu kukanyaga, akamwambia kaka yetu uso kwa uso kwamba sitaondoka. Désiré alimtazama sana, halafu akamkumbatia. Siku ya treni tulimpelekea chakula cha njiani sote wawili.

Usifikiri tumekuwa malaika. Bado tunagombana, na sasa tunasikika mpaka kwa Mado! Kila Jumapili baada ya misa tunapita kwa mama Bwalya, siku nyingine kwa kucheka tu. Mjomba wa Lukafu hajatusamehe. Hatari nayo haijaisha, ila tunaiogopa pamoja.

Nisalimie shemeji Lucien, binamu yetu Régine, na Laurentine wako, ambaye najua amekuwa mkubwa. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, na afungue njia tuonane.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda siku zote,
Hortense

Clément ameniomba kalamu:

Shemeji Léonie, jambo sana. Usiwe na wasiwasi. Mudogo yako iko kwake hapa.
Clément