Nusu ya Mzinga Ziwani Karema

Karema, Agosti 1996

Skola mdogo wangu, hamjambo nyie wote wa Inyonga? Kadi ina picha ya tembo kwa sababu duka la Mpanda halikuwa na picha ya ziwa.

Unakumbuka kaka aliponikataza kutundika mizinga ya nyuki, ati ni kazi ya wanaume? Akanipa nusu ya mzinga wake wa gogo lililopasuliwa mawili, ile iliyobakizwa na mchwa, niwalishie kuku wake. Nilikuja nayo kwenye lori, imebeba ndoo zangu za asali ya kuuza. Asali ilipokwisha nikaingia nayo ziwani, nikailalia kifudifudi kama watoto wa hapa wanavyolalia mbao, nikangoja wimbi linisukume ufukweni.

Halikuja. Ziwa hili siku moja linapiga kwa hasira, siku mbili limetulia kama uji uliopoa. Wavuvi walikuwa wanakula migebuka ya kuchoma huku wakinicheka: "Mama Asali, toka, hakuna kitu!" Nikawajibu, "Nyie hamjawahi kungoja nyuki." Mzinga mtupu unaungojea msimu mzima uingie nyuki, na hupigi kelele.

Leo, siku ya tatu, upepo umegeuka. Wimbi likaninyanyua, likanikimbiza mpaka nchi kavu, gauni limelowa, mdomo umejaa mchanga, nacheka peke yangu.

Nisalimie watoto, walale wameshiba. Na kaka mwambie kuku wake wale chini. Hii nusu nikirudi naichongea mwenzake, uwe mzinga kamili, halafu napanda mti nautundika mwenyewe, mchana, akiangalia.

Dada yako,
Modesta