Nilimpa Mzee wa Kwenye Sinema Sauti ya Baba

Mshauri mpendwa, shikamoo. Natumaini miwani yako ni mizima, maana barua hii ni ndefu na mwandiko wangu uliacha shule darasa la saba, siku moja na mimi. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili baba yangu mzazi anakuja kuangalia sinema ambayo nimemtia ndani yake bila ruhusa, na nimemtia mahali pabaya.

Kwanza unijue. Mtaani naitwa Kipaza. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye ukumbi wa video, picha inakwenda kwenye skrini, sauti yao naipunguza, mimi nakaa pembeni na maiki nawasemea wote, majambazi, maaskari, bibi harusi, hata mbwa. Mwaka wa kumi na nane huu. Ninatafsiri lugha saba, mbili nazielewa na tano nazibahatisha, na sijawahi kukamatwa. Sijapanda ndege, lakini hakuna jiji kubwa duniani ambalo sijakimbizwa ndani yake na polisi nikiwa kwenye gari la wizi. Na kinachowaleta watu kwangu, wakamwacha yule jamaa wa ng'ambo ya barabara anayetafsiri kama anasoma matangazo ya vifo, ni kwamba wahusika wangu nawapa sauti za watu wa hapa hapa mtaani. Jenerali anaongea kama muuza nyama wetu. Jasusi wa kike anaongea kama fundi cherehani, na sindano mdomoni. Watu wanakuja kujisikia. Tena filamu siitazami kabla, hiyo ni kazi ya waoga, mimi naingia nayo hivyo hivyo, kama mtu na mgeni.

Sasa Jumamosi iliyopita, saa tisa mchana, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ndoo, nikaweka sinema ya nchi ya kesho, nchi isiyo na jina, kila kitu cheupe kama zahanati iliyopakwa rangi juzi. Ndani yake kuna mzee mmoja anayetengeneza vitu vya watu, anakorofishana na kila mtu, na mimi nilipomwona tu nikasema huyu ni baba. Baba yangu ni fundi bomba mstaafu. Ana tabia ya kukohoa mara mbili ndipo aseme, na neno lake ni moja kwa kila jambo, iwe mama watoto kabadilisha mapazia au mvua imenyesha: "Hayo yote sawa, ila mimi kaniuliza nani?" Basi nikampa mzee yule. Akiletewa chai baridi, kho kho, ila mimi kaniuliza nani? Akisimamishwa na askari, kho kho, ila mimi kaniuliza nani? Ukumbi ulikuwa unakufa kwa kicheko. Baada ya nusu saa sikuhitaji tena kulisema, mzee akifungua mdomo tu watu wenyewe wanalisema kwa pamoja, na muuza nyama anapiga meza.

Kumbe filamu ilikuwa inatusubiri. Katika nchi ile mtu akifika miaka sitini na mitano, mtoto wake anajaza fomu, halafu basi jeupe lenye mapazia linakuja kumchukua mzee "akapumzike". Wapi, hawasemi. Ila sisi watazamaji tukaonyeshwa basi likirudi jioni, tupu, na kwenye kila kiti kuna jozi ya viatu, kamba zimefungwa vizuri. Kisha mtoto wa yule mzee wangu akakaa mezani, akavuta karatasi, akashika kalamu.

Mshauri, hapo ndipo nilipoisikia karatasi ikikwaruza ndani ya mfuko wa shati langu.

Ni hivi. Baba anakaa kwangu. Tangu mwaka jana ameanza kufungua sinki la jikoni bila kuambiwa, analifumua lote, anapanga vipande sakafuni, halafu anasahau alianzia wapi. Mara mbili nyumba imejaa maji, mara ya pili yakaingia kwenye amplifaya yangu. Dada yangu na mdogo wetu wakaja, tukakaa sebuleni sisi watatu, baba yuko chumbani kwake na redio yake, tukakubaliana aende kwenye makao ya wazee, ni pazuri, kuna wauguzi na bustani, fomu ikaletwa na inataka sahihi ya mtoto mkubwa, yaani mimi. Nikatia sahihi Alhamisi. Nikaiweka mfukoni niipeleke Jumatatu. Mimi mwenye mdomo wa watu wote nilishindwa kumwambia mtu mmoja.

Sasa kwenye skrini mtoto anatia sahihi, mfuko wangu unakwaruza. Basi linafika. Mzee anasimama mlangoni na kofia yake mkononi, anamwangalia mwanawe, anafungua mdomo. Na ukumbi mzima, Mshauri, watu mia na kitu, wakasema taratibu kama wanaomba: "Ila mimi kaniuliza nani?" Hakucheka hata mmoja. Nililia kwenye maiki. Ile maiki ina spika nyingine nje barabarani ya kuvutia wateja, kwa hiyo nililia mtaa mzima ukisikia, na aliyekuwa ananunua nyanya aliacha kununua nyanya.

Watu wote walilia, sikufichi. Muuza nyama alijifunika uso kwa aproni yenye damu akatoka kama kafanya mauaji. Fundi cherehani alimshika mkono mwanamke asiyeongea naye tangu ugomvi wa choo. Tukatoka nje tukasimama juani kama watu waliotolewa chini ya kifusi, na hapo, naapa, basi la kawaida la njano likasimama kituoni, mlango ukafunguka, akashuka bibi mmoja na kikapu chake na viatu vyake miguuni. Tukampigia makofi. Wote! Bibi wa watu akageuka nyuma kuangalia nani mwingine kashuka. Fundi cherehani akamwambia, "Karibu mama, karibu sana," na muuza nyama akambebea kikapu mpaka kwake bila kuulizwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa sababu basi ni basi tu.

Fomu niliichana siku ile ile, vipande nikavitia chooni. Nimelala vizuri tangu hapo, nakula, mama watoto anasema hata nakoroma kwa adabu. Lakini shida iko hapa. Watu wanataka filamu irudiwe Jumapili. Na muuza nyama, huyu mtu ana mdomo kunizidi na halipwi, kamwambia baba, "Mzee, Kipaza kakutia kwenye sinema! Umeliza watu!" Baba amepiga pasi suruali. Kaniambia, "Jumapili nakaa mbele kabisa." Akiliona lile basi, na akikumbuka tulivyojifungia sebuleni sisi watatu, atajua ni yeye. Ninaweza kubadilisha mwisho, mimi ndiye mdomo, nikisema basi linawapeleka wazee harusini nani atanibishia? Au niseme mashine imeharibika? Au nimwambie kila kitu, halafu nimwone baba akiniangalia vile mzee yule alivyomwangalia mwanawe? Nisaidie, mdomo umeniishia.

Kipaza

Kipaza mwanangu, marahaba. Kwa sababu Jumapili haingoji gazeti, jibu hili nimekutumia kwa simu Jumatano. Hapa nalichapa lilivyo, na ulichonirudishia nakiweka chini yake kama tulivyokubaliana.

Nimecheka barua yako, na pale kituoni nimelia, kwa hiyo tumelingana, sasa nisikilize. Umefanya kosa na unajipongeza kwa kuchana karatasi. Karatasi haikuwa na kosa lolote! Makao ya wazee si lile basi jeupe. Nina rafiki anakaa kwenye makao kama hayo, anawashinda wenzake karata kila siku na hataki hata kwenda kwa wanawe. Huenda baba yako angepapenda, huenda angepachukia. Hujui. Na hujui kwa sababu mliketi watoto watatu wazima, mkaongea habari za mtu aliye nyuma ya ukuta, mkamwachia redio. Uliitia sahihi bila kumuuliza, na ukaichana bila kumuuliza. Neno lake umeliuza ukumbini mara ngapi? Hujalisikia hata mara moja.

Mwisho wa filamu usiuguse. Hao watu mia walilia kilio cha kweli, wakatoka wakambebea bibi kikapu; ukiwaambia ilikuwa safari ya harusini utawapora. Na mashine isiharibike, maana fundi wa kwanza kuja kuitazama atakuwa baba yako.

Fanya hivi. Leo, kabla muuza nyama hajamsimulia na mwisho, zima redio ya mzee, kaa kwenye kitanda chake, usikae kwenye kiti cha mlangoni kama mtu anayetaka kukimbia. Mwambie kuhusu kikao, kuhusu sahihi, kuhusu kuchana. Usitie utani, Kipaza. Najua unavyofika mahali pagumu ukaanza kuigiza sauti za watu. Tumia yako. Kisha umwulize anataka nini, na ukishauliza ufunge mdomo, hata akinyamaza nusu saa. Akikasirika, ana haki, mwache akasirike. Akisema anabaki, wapigie dada yako na mdogo wenu palepale waje wagawane zamu, usijifanye shujaa peke yako. Na koki kuu ya maji ya nyumba hiyo mjue nani anaishika, maana mapenzi hayazuii mafuriko.

Nenda sasa. Usinijibu kwanza, nenda.

Ujumbe wa Kipaza, Jumapili jioni

Mshauri, nimekwenda Jumatano ile ile. Nikazima redio, nikakaa kitandani, nikasema yote kwa sauti yangu, mbaya hiyo, sikuwa naijua. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa mara mbili. Nikafumba macho.

Akasema, "Wewe. Miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuweka sikio ukutani nisikie bomba linavuja wapi. Leo nishindwe kuwasikia nyie watatu, na sauti zenu kama debe, chumba cha pili?"

Nikamwambia, "Baba, kumbe ulisikia?"

"Nilisikia hata dada yako alivyosema mimi ni mkaidi kama punda. Nimekaa nasubiri. Nikasema ngoja nione nani ataingia kuniuliza. Wiki nzima nimepunguza redio nisikose hodi."

Nikamuuliza basi, baba, unataka nini, na nikafunga mdomo kama ulivyosema, Mshauri, ilikuwa kama kushikilia nyani. Mwishowe akasema anataka kubaki hapa. Bustani ya makao atakwenda kuiona siku moja, kama mgeni, aangalie na mabomba yao. Na sinki tulilifunga vibaya, analisikia linadondosha, ndiyo maana analifumua. Tulilifungua pamoja jana, dada akishika taa, mimi nikiandika kila kipande kimetoka wapi. Mpira wa ndani ulikuwa umekatika kweli. Koki kuu anaishika mama watoto, na baba anamwomba ruhusa kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuonyeshwa.

Leo alikaa mbele kabisa, suruali ina mstari unaokata. Nilitafsiri yote, sikubadilisha neno. Viatu vilipotokea nikamwona baba anainama kuangalia vyake. Nikafika pale mlangoni, mzee wa sinema na kofia yake mkononi, akafungua mdomo, ukumbi ukavuta pumzi ili kusema. Baba akawawahi. Akakohoa mara mbili, akasimama, akawageukia watu wote akaninyooshea kidole pale kwenye maiki na kusema:

"Huyu wangu kaniuliza!"

Mshauri, makofi yale waliyasikia mpaka kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara.