Fimbo Ilikuwa Imeshasimama

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimefika nyumbani Kasansa, tope mpaka magotini. Miaka miwili Mpanda mjini, na mkanda wa kahawia wa karate begini. Mama kaushika, kauliza kama ni wa kufungia suruali. Jioni kaja Ngolo na ng'ombe wao — tumechunga wote tangu wadogo, yeye bado anachunga. Kanizunguka akinikagua. Kasema mjini wananilisha chipsi mpaka sina shingo. Nimecheka mpaka machozi. Kumbe nilimkumbuka kiasi hiki.

Jumatatu, 13 Januari

Kuna jambo linanikera. Kule mjini, mtaa wa Nsemulwa, kwa mwalimu wangu wa karate Method, kila ngumi ina adabu yake. Mnavaa nyeupe, mnainamiana, refa yupo. Sijawahi kukutana na mtu anayetaka kunipiga kweli. Sasa ninachojua mimi ni karate au ni ngoma tu? Method husema siku itanikuta yenyewe, nisiitafute. Mimi subira hiyo sina.

Nimemwomba Ngolo anipige fimbo ya kichwa, bila huruma. Kauliza anipige kwa kosa gani, nimwibie ng'ombe kwanza. Nikamwambia anaogopa. Basi kesho, kasema.

Jumanne, 14 Januari

Nimemvunja mkono.

Fimbo ilishuka kwa kasi kweli. Mkono wangu wa kushoto ukakinga, wa kulia ukamdaka kifundo cha mkono, nikakikunja — kama tulivyofundishwa. Mlio kama kuni kavu. Halafu ndiyo nikaelewa. Fimbo yake ilikuwa imeshasimama. Hewani, karibu na sikio langu. Ndiyo mchezo wetu wa machungani: unashusha kwa nguvu zako zote, unaisimamisha sikioni. Mwenzako anaacha mikono chini, macho wazi. Anayefumba au kuinua mkono kashindwa. Ngolo hakuwa na nia ya kunipiga hata chembe. Na mimi mchezo wetu nimeusahau!

Humu hasomi mtu, niseme. Kabla hajalia, kwa muda mfupi sana, nilifurahi. Nilisema moyoni: imefanya kazi.

Alhamisi, 16 Januari

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wamekaa kikao. Baba katoa ng'ombe wa kuomba radhi, kamanda wao Luhende kamkataa. Kasema kumtoa ng'ombe kutamuuma baba, mimi hakutaniuma. Kaniuliza mbele ya watu: "Ulikuwa unampima nini mwenzio?"

Nimetengwa. Hakuna wa kunisalimia, wa kuniuzia, wa kunipa hata moto. Mpaka Ngolo mwenyewe anisalimie kwanza. Nikimsemesha mtu yeyote hapa kijijini, wanaitenga nyumba yetu nzima. Ngolo alikuwepo, mkono umening'inia shingoni kwa kitenge cha mama yake. Alitazama chini mpaka mwisho.

Jumatano, 22 Januari

Kisimani wananipisha kama nimebeba ugonjwa. Watoto wamekatazwa, nao wanatii kuliko wakubwa. Mama anaweka ugali mlangoni pangu, anagonga sahani kwa kijiko, anaenda zake. Leo maziwa ya mgando yamejaa mpaka juu. Nimekula nikilia, upuuzi mtupu, mwanaume mzima.

Ningeweza kupanda gari nirudi Mpanda. Sipandi. Nikiondoka hivi, nitakuwa mtu asiye na kwao.

Jumamosi, 1 Februari

Nimeongea na ndama. Sauti yangu yenyewe imenishtua.

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia Method. Nimemweleza yote. Kauliza, "Kwa hiyo ulishinda?" Nikasema ndiyo. Nilisikia wanafunzi wanahesabu Kijapani nyuma yake, ichi, ni, san. Kisha mtandao ukakata. Au alikata yeye, sijui.

Jumanne, 11 Februari

Ngolo kaja!

Nilikuwa narekebisha zizi. Kaja na ng'ombe wao mbele, mkono wa kulia bado una hogo la plasta, fimbo kaishika kwa kushoto. Hakusalimia. Alisimama mbele yangu akainyanyua. Nikaelewa papo hapo. Mikono chini, macho wazi, basi. Nililitaka hilo kuliko nilivyowahi kutaka mkanda wowote. Nikaapa sitikisiki.

Fimbo ikashuka. Mkono wangu ukapanda. Wenyewe — sikuutuma. Ulikuwa juu, umekaza, kabla fimbo haijafika hata nusu. Ngolo akaishusha pembeni taratibu. Akautazama mkono ule, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo imeniuma kuliko kutengwa.

Nikakimbilia ndani. Ndiko niliko. Namwona kupitia mlangoni. Hajaondoka. Kaketi kwenye gogo, fimbo magotini. Ng'ombe wao wameanza kuingia kwenye mahindi yetu. Anawaona, na hainuki, ananingoja nitoke. Kumwita siruhusiwi. Baba na mama wako mnadani. Wa kuwatoa ni mimi tu, na njia ya shambani inapita mbele yake, karibu kabisa, pale fimbo inapofika.