Walimu Kufungiwa Ofisini Siku ya Matokeo ya Moko

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jenipher Tomaso
Umri: Miaka 26
Dini: Mkristo
Kazi: Mwalimu wa kujitolea, Hisabati
Makazi: Mkolela, karibu na Mtama, nyumbani kwa Biasha Abilahi

ANAELEZA:

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nafundisha Sekondari ya Mkolela tangu mwaka jana, bila mshahara. Biasha Abilahi, ambaye namwita Mama Zakia, alinipa chumba bila kodi, na chakula nakula kwake. Binti yake Zakia namfundisha kidato cha nne.

Mnamo Ijumaa tarehe 16 Agosti 2024, saa nne asubuhi, wazazi waliitwa shuleni kupewa matokeo ya moko, mtihani wa majaribio wa wilaya. Zakia alipata F ya Hisabati. Ripoti ya shule ya muhula uliotangulia ilisema B. Watoto wengi walikuwa hivyo hivyo, na wazazi wakaanza kupiga kelele. Mkuu wa shule, Mwalimu Gregori, akatuambia walimu tuingie ofisini mpaka watulie. Tulipoingia nikasikia kufuli linabanwa kwa nje. Nilichungulia kwenye nondo za dirisha, nikamwona Mama Zakia na ufunguo mkononi.

Alisema, "Hamtoki mpaka mniambie ile B ilikuwa ya nini."

Wanaume walipokwenda msikitini, wanawake walibaki, wamekaa barazani na kuegemea mlango. Ndani joto lilikuwa kali. Mwalimu Gregori alinivuta pembeni. "Waambie watoto ni wavivu. Wewe ndiye mwalimu wa somo. Ukiomba ajira, barua ya kukutambulisha naandika mimi."

Mimi Zakia nilimpa D. Niliwasilisha alama kwa mkuu, ripoti ikatoka na B. Nilipouliza, niliambiwa alama hupelekwa wilayani, na shule haiwezi kushika mkia wilaya nzima.

Mama Zakia akaniita dirishani. "Mwalimu Jeni, mwanangu anajua hesabu au hajui?"

Nikasema, "Hajui, mama. Mimi niliandika D."

Akaniuliza, "Mbona hukuniambia tukiwa jikoni?"

Akafungua kufuli mwenyewe, kabla polisi waliopigiwa simu hawajafika. Hakuna aliyepigwa.

Nimeulizwa na afande nani alifunga mlango. Ni Biasha Abilahi, nilimwona na ufunguo kwa macho yangu. Nimeulizwa nani alibadilisha alama. Hilo sikuliona likifanyika.

Leo asubuhi Mama Zakia amenipikia uji. Anajua nimeitwa hapa. Hakuniuliza nitasema nini, amesema tu nisichelewe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: J. Tomaso

Mimi, Koplo Ridhiwani, nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Kabla ya kusaini, shahidi aliuliza kama jina la mama huyo linaweza kuondolewa. Nimemjibu haiwezekani. Akasaini.