Bibi Hataki Kupanda Gari la Mchoma Mabua

Mshauri mpendwa, Shangazi Satwant, msaada nauhitaji, ila kwanza ujue unaandikiwa na nani: mimi ni Lakkha wa Kotli Jandwal, kijana pekee katika Punjab nzima aliyeifumba macho setilaiti ya serikali, na kama shule isingenichoka darasa la nane, leo ningekuwa nairusha mwenyewe.

Usicheke. Kila mtu hapa anajua ile setilaiti hupita mchana kutafuta nani anachoma mabua ya mpunga, na maofisa hukaa na simu zao wakingoja nukta nyekundu itokee, ndipo waje kutukemea wamevaa barakoa kama wezi wa benki. Sasa mimi nilingoja ikapita, nikanywa chai yangu taratibu, jua lilipoanza kuzama nikawasha shamba letu lote, na kesho yake nukta hakuna, ofisa hakuna, kijiji kizima hakioni mbele kwa moshi na serikali inasema hewa ya kwetu haina neno. Wenzangu wananiita Fundi.

Na nilichoma kwa sababu. Mpunga ukishavunwa mabua yanabaki yamesimama shamba zima, na ngano inataka iingie ardhini kabla ya baridi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Baba Mdogo Balkar, ana ile mashine inayopanda ngano humo humo kwenye mabua bila kuchoma, anawaazima watu kwa zamu, akaniambia, "Lakkha, zamu yako ni baada ya wajane. Tulia, mwanangu." Baada ya wajane! Mimi! Nikamwambia, "Baba Mdogo, hiyo mashine yako inatembea kama bwana harusi aliyelazimishwa." Akacheka tu, ndevu zikamchezacheza. Mzee huyo hajachoma hata bua moja tangu ainunue, na anatuhubiria habari za hewa mpaka njiwa wanahama.

Tatizo ni upepo, Shangazi. Jioni ile uligoma. Moshi badala ya kupanda ukalala, ukaingia uani, ukaingia jikoni kwenye mboga ya haradali, ukaingia chumbani kwa Bibi Harnaam, mama yake baba yangu, mwenye pumu, ambaye ndiye aliyenilea, maana mama alishatangulia na baba yuko Italia anakamua ng'ombe wa watu. Tangu hapo kifua chake kinapiga filimbi na dawa yake ya kuvuta haifui dafu. Daktari wa zahanati kasema apelekwe hospitali ya wilaya awekewe oksijeni, asicheleweshwe, na asipakiwe kwenye trekta kwenye baridi hii na moshi huu, atafika maiti. Gari mtaani kwetu liko moja, la Baba Mdogo Balkar.

Na Bibi hataki kulipanda. Kila asubuhi mzee analileta mpaka mlangoni.

"Mama, panda. Kama ni kunitukana, nitukane njiani."

"Mchoma mashamba wewe! Miaka yote unatuhubiria, kumbe kiberiti umekificha kwenye kilemba!"

"Mama, hata mabua yangu yameungua kule mpakani."

"Moto wako umekurudia! Heri nife na kikohozi changu kuliko kupona kwa gari lako."

Hapo anakohoa mpaka anashika mlango, na mzee anasimama na funguo mkononi akinitazama mimi. 

Wazee hawa ni wakaidi kuliko nyati wa maziwa aliyeonja bwawa. Nimetumia akili zote. Nimemwambia Baba Mdogo aombe radhi tu yaishe, radhi haipunguzi mtu kilo. Akaniuliza, "Niombe radhi ya nini, Lakkha? Nitajie." Nikakumbuka nina nyati wa kukamua, nikaondoka. Basi nakuomba wewe mwenye kalamu unipe maneno matamu, ya kumlainisha ajuza apande gari bila watu kusemezana mengi.

Sentensi inayofuata nimeshaifuta nikaiandika tena. Jioni ile Bibi alitoka uani amejiziba pua kwa shela, macho yanamtiririka, haoni shamba wala mpaka, akaniuliza mimi niliye macho yake siku zote, "Lakkha, nani kawasha?" Nikanyoosha kidole kwa Baba Mdogo.

Lakkha,
Kotli Jandwal

*

Lakkha,

Nakujibu kabla ya wote waliokutangulia, maana ndani ya barua yako kuna mtu anakosa pumzi. Na sikucheka, kama ulivyoniomba.

Fundi wa nini wewe? Hata mtoto anayepeleka ndama malishoni anajua kwamba msimu huu jua likizama hewa inatuama kama maji ya mtungi, na moshi wa jioni hauna pa kwenda ila kwenye nyua za watu. Ulingoja jicho la angani lipite, na kwa kungoja huko ukachagua saa mbaya kuliko zote kwa kifua cha mwanamke aliyekulea. Serikali umeikwepa, hongera. Yenyewe inalala vizuri, haina pumu.

Najua zamu ilikuuma. Najua pia kijana aliyeachiwa shamba, nyati na bibi mgonjwa anaweza kuogopa baridi ikimkuta hajapanda. Hofu nakusamehe. Kidole, hapana.

Unataka maneno matamu? Kwangu hayapo. Na unadhani Balkar anakutazama kwa sababu una sura nzuri? Mtu aliyeona moto ukitoka kwenu ukala mabua yake anajua nani kauwasha, mpumbavu wewe. Anajua vilevile kwamba akisema yeye, Bibi hatamwamini, kwa sababu wewe ndiye mboni ya jicho lake. Anakungoja. Kila asubuhi anatukanwa mlangoni kwenu huku akikungoja.

Sasa sikiliza. Usisubiri kesho alete gari. Mfuate sasa hivi, uje naye mpaka mlangoni, simama mbele ya Bibi na useme, "Bibi, moto niliuwasha mimi, na Baba Mdogo nilimsingizia." Basi. Setilaiti usiitaje, wajane usiwataje, na upepo uuache, haukuwa na kiberiti. Kisha chukua shela yake na dawa yake, kaa naye kiti cha nyuma, vioo vifungwe. Akishalazwa akapata mtu wa kumwangalia, rudi ukapande ngano kwenye kipande cha Balkar ulichokiunguza, kabla hujagusa chako. Zamu yako ya mashine itakuwa ya mwisho, baada ya wajane na baada ya paka wa wajane.

Atanyanyua fimbo. Usikwepe. Ikikuuma sana, furahi, pumzi bado anayo. Lakini ukimwona ameishika, akakutazama, akaishusha chini bila kukupiga, usisimame kulia hapo. Mbebe mbio mpaka garini.

Shangazi Satwant