Jina Nililomlazimisha Aandike

Jumatatu, 3 Machi 1997

Insha kumi na moja za Kiingereza zimesahihishwa. Kichwa kinaniuma. Tisa zinaanza vilevile: tangu zamani za kale mpaka siku zetu binadamu amekuwa akipenda maji, akipenda amani, akipenda sijui nini. Ndivyo walivyomezeshwa shule ya Kifaransa. Utangulizi, kiini, hitimisho, na mwenyewe hayumo. Niliwapa "siku moja ambayo sitaisahau". Siku moja, jamani! Binadamu wa zamani za kale anahusika nini?

Gérard ni karani wa posta, mtu mzima wa miaka arobaini. Kurasa mbili, na hamna mtu ndani. "Mtu fulani alikwenda mahali fulani." Nimecheka mpaka mafundi wa gereji hii tunamosomea wakachungulia darasani kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefoka. Nimewaambia Kiingereza hakizunguki mbuyu. Sema jambo lako mstari wa kwanza. Sema "mimi". Taja mahali, taja mtu. Wanaogopa kutaja. Hapa Buyenzi watu wa pande zote mbili za vita hivi vya kikabila wanakaa benchi moja, ndiyo maana wanakuja kwangu, na hakuna anayemuuliza mwenzake anatoka mtaa gani. Najua. Lakini mtihani hauna huruma.

Namfikiria hasa mwanafunzi wangu Daphrose. Shirika moja kule Kinindo linatafuta mwandishi wa ripoti. Alhamisi ya tarehe 20 watamfungia chumbani aandike kwa Kiingereza ukurasa mmoja juu ya maisha yake. Akipata kazi hiyo atapanga chumba. Sasa analala na watoto wawili sebuleni kwa shemeji yake, na shemeji keshaanza kununa.

Ijumaa, 7 Machi

Daphrose kaniletea insha mpya. Wallahi nimesisimka. Siku mtaa wao ulipochomwa, jirani wa upande wa pili alimpandisha darini yeye na watoto wake wawili, wakakaa siku mbili. Mdogo alikuwa na kikohozi. Jirani akapanda juu ya bati na nyundo, akagonga kutwa nzima kama anayetengeneza paa, wale waliokuwa wakipita njiani wasisikie kikohozi.

Lakini kaandika "mtu mmoja". Nimetia wino mwekundu: Mtu gani? Mtaa gani? Msomaji anataka kumwona!

Jumatatu, 10 Machi

Kaandika. Jina la yule jirani, kumbe ni mzee, la mtaa, hata la kanisa lililo karibu na nyumba yake. Nikafurahi kama mjinga. Nikasimama mbele ya darasa, nikaisoma yote kwa sauti. Nikasema, hii ndiyo insha.

Daphrose kafunika uso kwa daftari. Gérard kachukua mkoba wake akatoka, na saa haijaisha.

Jean-Bosco, fundi wa magari, kabaki nyuma. Kaniuliza kama najua Gérard anakaa wapi. Sijui. Anakaa mtaa uleule wa mzee. "Mwalimu, wale wa upande wake wakisikia kama mzee alificha watu wa upande mwingine, watamumaliza." Kasema taratibu, bila kunilaumu, na hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Nimekaa kwenye benchi lao.

Jumatano, 12 Machi

Gérard hayupo. Daphrose hayupo. Sikufundisha kitu, nimewapa imla.

Nimechukua wembe nikalikwangua jina kwenye karatasi. Upuuzi. Watu kumi wamelisikia. Tangu leo silitaji hata humu. Ni Mzee tu.

Ijumaa, 14 Machi

Risasi upande wa juu wa mji tangu adhuhuri. Kila mlio nasema wamemuua Mzee. Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Gérard bado. Posta wanasema kaomba ruhusa ya siku tatu. Ruhusa ya nini? Namwazia mabaya mtu ambaye hajanikosea chochote. Astaghfirullah. Lakini namwazia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Daphrose. Anachambua maharagwe uani, hakuinua kichwa. Nimemwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kirundi, na vyote viwili havikutosha. Kasema jambo moja tu: "Mi nilikuandikia we, mwalimu. Si darasa."

Nimemuuliza kuhusu mtihani. Apana, hatakwenda. Hataandika tena kitu chochote, kwa lugha yoyote.

Nimerudi kwa miguu nikilia njiani mchana kweupe, na watu wananitazama. Nilimdai ukweli nikasahau ulipaswa kukaa wapi. Miaka kumi ya ualimu!

Jumatatu, 17 Machi

Leo naandika haraka, nisisahau kitu.

Saa nane, kabla ya darasa, Gérard kaingia gerejini. Nyuma yake mzee mrefu, kabeba gurudumu la baiskeli kama mteja. Gérard kafunga mlango. Kumbe jioni ile ya Jumatatu alikwenda moja kwa moja kumwonya, na siku zile tatu alikuwa anamhamishia kwa dada yake yeye Gérard, kule Ruziba, akamwambia sababu. Hakumwambia mtu mwingine. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Nikajua Mzee kaja kunitukana, na haki yake. Nikapiga magoti. Akaniambia niamke, nimsomee. Kiingereza hajui. Anataka kusikia yule mama kaandika nini.

Nikamtafsiria mstari kwa mstari. Alisikiliza na gurudumu mapajani. Nilipofika "siku mbili" akanisimamisha. Zilikuwa nne. Darini hakuna asubuhi, Daphrose angejuaje? Nilipofika kwenye nyundo akatikisa kichwa. "Ile akili haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yangu, mama wa watoto wangu. Mi nilitaka kuwatoa, niliogopa sana. Yeye akanipa nyundo, akasema panda."

Jean-Bosco alikuwa amekimbia kumwita Daphrose. Kaingia na kanga ya kazi, unga mikononi. Hawakukumbatiana. Daphrose alimpa Mzee mkono wa kulia, wa kushoto kaushikilia kwenye kiwiko, kainamisha kichwa, kakaa hivyo. Mzee kauliza kama kikohozi cha mtoto kilipona. Kilipona. Kauliza kama mtoto anasoma. Anasoma.

Halafu akasema: "Futa jina yangu, mama. Weka ya bibi yangu. Concilie. Amekufa mwaka jana, hawawezi tena kumufanya kitu."

Daphrose ndipo akalia. Hakujua kwamba amekufa.

Jumatano, 19 Machi

Daphrose kaja darasani. Kasema kesho atakwenda mtihani. Kakaa mahali pake, Gérard akamsogezea benchi. Nimewaambia kuanzia leo kila mtu anaweza kubadili majina na mitaa, na anayetaka nisiisome insha yake kwa sauti aandike hivyo juu ya ukurasa. Wote kumi na mmoja wameandika. Nimetii.

Mwisho wa somo nimesahihisha vitenzi vya Daphrose, basi. Mengine sikugusa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua. Nimemsindikiza Daphrose mpaka barabara ya Kinindo, nimemwachia kalamu mbili.

Karudi saa saba, viatu mkononi. Majibu baada ya wiki mbili. Hajui kama watamchukua, walikuwa watu wengi, wengine na diploma. Tumekunywa chai gerejini. Mzee yuko Ruziba kwa dada wa Gérard, analima kidogo, analalamikia mbu.

Nimemuuliza Daphrose kaandika nini. Kasema dari, siku nne, nyundo. Na jina la Concilie kaliandika mara saba, alihesabu. Kwa sheria ya insha mara moja ilitosha, kisha unasema "yeye". Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Sikumwambia.