Telegramu ya Jumatano

Cataguases, 6 Aprili 2019

Kaka Anselmo,

Salamu nyingi kutoka nyumba nzima, na nyumba nzima ni mimi na paka. Hujambo? Moyo unasemaje? Miguu bado inavimba? Mwambie Ivone anayekutunza asikutilie chumvi hata ukimlilia, nakujua. Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Nina habari, na nimekasirika, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Alhamisi alikuja Ademar Furtado, mwenyekiti wa klabu ya mpira ya wafuma nguo wa kiwandani. Wanataka kuupa uwanja wao jina lako. "Bibi Jandira," anasema, "mtoto wa mji huu amefundisha timu katika nchi saba! Tusipompa uwanja yeye, tumpe nani?" Akaomba picha. Nikampa kahawa na mikate ya jibini, nikashusha lile sanduku. Akaipenda ile ya Ghuba ya Uarabuni, mwaka 1981, umebebwa mabegani na kombe mkononi. Nilifurahi, kaka. Nililia kidogo.

Kisha akaanza kuzungusha kikombe. "Kuna jambo dogo. Nivaldo ndiye atakayehutubia. Lakini amesema, wewe ukikaa viti vya familia, yeye anaondoka."

Jambo dogo! Nivaldo, ndugu yetu wa mwisho na mchezaji wako wa Ghuba, anaishi mitaa mitatu kutoka kwangu, na akinikuta dukani anatoka bila mkate. Miaka thelathini na minane. Wewe ulikuwa bado huko Ghuba siku ya misa ya mama, ile ya siku ya saba baada ya kufa, hukusikia kwa masikio yako. Mlangoni pa kanisa, watu wote wanatoka, alinipigia kelele: "Kazi yako ni kutuma telegramu za watu! Ya mama yako ukaiweka chini ya rundo! Mimi nimefika kuzika udongo!" Nilikuwa karani wa telegramu, kaka. Niliituma Jumanne. Yeye anasema iliwafikia Jumamosi, na hilo alilisikia kwako.

Mwambie neno moja tu, kwamba huenda ilikwama njiani. Anakusikiliza wewe peke yako. Nataka kukaa kiti cha mbele siku ya kaka yangu. Naomba kubwa?

Dada yako,
Jandira


Niterói, 15 Aprili 2019

Mdogo wangu Jandira,

Nakusalimu kwa upendo. Naliombea goti lako lisamehe ngazi za kanisa. Mimi sitakudanganya: daktari ameacha kuniambia "mwakani". Ivone ananinyima chumvi na kahawa, na sasa ananinyima hata redio wakati wa mpira.

Barua yako nimeisoma mara nne. Haikukwama njiani.

Telegramu ilifika Jumatano mchana. Ninayo hapa, imo ndani ya daftari langu la mazoezi la mwaka ule. "MAMA HALI MBAYA SANA ANAWAULIZA NJOONI WOTE WAWILI. JANDIRA." Fainali ilikuwa Ijumaa. Timu ilikuwa kambini hotelini, na unajua kambi zangu zilivyokuwa: hakuna mke, hakuna gazeti, hakuna simu, na kila karatasi inapita mkononi mwangu kwanza. Ndivyo tulivyolelewa katika kazi hii hapa Brazil. Nilikwenda na desturi hiyo Lima, nikaenda nayo Tunis, kama mtu anavyosafiri na mswaki wake. Mchezaji asivurugwe akili. Wenye timu wakiniuliza mbona wachezaji wanafungiwa kama wafungwa, nilijibu, "Ndiyo sababu tunashinda."

Mhudumu aliponiletea karatasi, Nivaldo alikuwa anacheza karata na makipa. Akaniona ninasoma. "Mwalimu, barua ya mapenzi hiyo?" Wote wakacheka. Nikamwambia, "Ni ya chama cha mpira. Cheza karata zako, utafungwa." Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Ulipiga simu mara mbili. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mtu wa mapokezi asiunganishe.

Ndege ilikuwepo Alhamisi asubuhi. Niliuliza, Jandira. Ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia hata padri. Nilishuka mapokezi nikauliza, nikaambiwa viti vipo, nikasema asante, nikapanda chumbani kupanga safu ya kiungo. Ijumaa Nivaldo alitoa pasi ya bao dakika ya themanini na moja. Alinirukia shingoni, na karatasi ya mama ilikuwa ikinikwaruza paja.

Jumamosi asubuhi nilimwita nikamwambia, "Imefika sasa hivi." Ndege iliyofuata ilikuwa ya Jumatatu; alipofika nyumbani Jumanne alinipigia simu akilia. Akauliza, "Jandira alitafuta hata kwa simu?" Nikasema, "Hapana, hakuna aliyepiga."

Kombe lile lilinifungulia milango yote iliyofuata. Kila uwanja wa ndege nilikopokelewa kwa maua nilipokelewa kwa sababu ya Ijumaa ile. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mwaka kulikuwa na mechi.

Sasa unajua. Nakuomba msamaha. Na nakuomba, kama unaweza, ibaki kati yetu wawili mpaka nizikwe. Siku hazitakuwa nyingi.

Kaka yako,
Anselmo


Cataguases, 22 Aprili 2019

Anselmo,

Sikuulizi habari za moyo wako.

Ibaki kati yetu wawili! Mimi nimetukanwa mbele ya kanisa zima, wewe unataka kuungama ndani ya bahasha!

Unajua nilivyoituma telegramu ile? Kulikuwa na watu saba kwenye mstari. Nilivunja kanuni, nikaipitisha ya mama mbele yao wote, mzee Orlando aliyekuwa mbele ya mstari akanifokea, na nikamfokea pia. Nivaldo aliporudi nilimwonyesha nakala yenye muhuri: Jumanne, saa kumi na moja jioni. Akaniambia nini? "Muhuri unao wewe. Tarehe unaizungusha wewe." Ningemjibu nini? Mji mzima unaweza kujitetea kwa muhuri wa posta isipokuwa mtu mmoja, yule anayeugonga. Baada ya hapo watu walianza kuniuliza dirishani, "Bibi Jandira, hii itakwenda leo kweli?" Miaka kumi na tisa niliulizwa hivyo, mpaka nikastaafu.

Mtoto wa Nivaldo alibatizwa, sikualikwa. Alipoolewa, nilimtazama kutoka ng'ambo ya barabara nyuma ya lori la maziwa. Baba yake mkubwa wa nchi saba ndiye aliyemshika mkono kumpeleka altareni, na mimi nikasema moyoni, angalau mmoja wetu yuko pale. Mungu wangu! Nilikuwa nakushukuru!

Mimi sikuwahi kukushuku hata dakika moja. Ni nani angedhani mtu ataficha kufa kwa mama yake mwenyewe? Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Na wewe pia hukuja! Watu walisema, "Maskini Anselmo, kazi imembana," nami nikakutetea.

Mama aliuliza, "Wameshafika?" kila mlango ulipolia. Ijumaa nzima. Nilimwambia mko njiani. Nilimdanganya mama akiwa anakufa, kwa ajili yenu. Alikata roho Jumamosi alfajiri. Kwa ndege ya Alhamisi, Nivaldo angefika Ijumaa jioni. Nimehesabu saa hizo mara ngapi, bila kujua kwamba na wewe ulikuwa umezihesabu!

Usiniandikie mimi tena kuhusu msamaha. Mwandikie Nivaldo, kwa mkono wako, na utie humo karatasi yenyewe, siyo nakala. Na siku ya uwanja, tarehe 18 Mei, isomwe mbele ya watu. Nilipoaibishwa watu walikuwepo.

Jandira


Cataguases, 4 Mei 2019

Anselmo,

Siku kumi na mbili na hakuna jibu. Posta naijua kuliko wewe: barua yangu ulikuwa nayo tarehe 25. Kwa hiyo umeikunja umeitia mfukoni. Umezoea.

Jana nimekutana na Nivaldo dukani. Akatoka bila mkate. Nilitaka kumkimbilia barabarani nimwambie, lakini angeniamini vipi? Ushahidi uko kwako. Ukifa nao, mimi nitakufa mwongo.

Jandira


Niterói, 9 Mei 2019

Jandira,

Barua zako zote mbili nimezisoma leo asubuhi, pamoja.

Ivone alizificha. Ya kwanza aliifungua kwa sababu macho yangu huchoka na mara nyingi yeye hunisomea. Akaona hasira yake, akaitia kwenye droo ya vijiko. Nilipoikuta nilimfokea mpaka majirani wakagonga ukuta. "Nani amekupa ruhusa? Barua ni yangu! Dada ni wangu!"

Akasimama pale na mwiko mkononi, hana hata aibu. "Mzee, daktari kasema usivurugwe akili. Nimefanya kwa faida yako. Ningekupa wiki ijayo, ukishapata nguvu."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya kambini. Nilikaa chini. Akadhani ni moyo, akakimbilia dawa. Jandira, nilikasirika siku kumi na nne za barua yangu mimi kukaa kwenye droo. Wewe umeubeba uongo wangu miaka thelathini na minane.

Nimeandika tangu asubuhi. Kila neno linasomeka. Barua ya Nivaldo ina yote: Jumatano, karata, simu zako mbili, viti vya ndege ya Alhamisi. Karatasi ya mama nimeibandika juu yake kwa pini. Ina muhuri wa posta ya Ghuba wa Jumatano ile, siyo wako. Ule huwezi kuambiwa uliuzungusha. Nimemwandikia na Ademar. Nimemwambia uwanja asiuite kwa jina langu, na barua ya Nivaldo isomwe pale pale, asipunguze neno. Bahasha zote mbili Ivone amezipeleka posta mbele ya macho yangu; nilishuka naye kwa lifti na kitimwendo nikaona zinapigwa muhuri. Amenuna.

Sikuombi kitu. Najua umesema nisiandike kuhusu hilo. Nitafanya mazoezi ya kutoomba.

Kama Nivaldo atataka kuja kunitukana, mwambie mlango haufungwi. Ningependa aje. Hilo siyo ombi, ni habari.

Anselmo


Cataguases, 19 Mei 2019

Anselmo,

Nakuandikia kwa sababu una haki ya kujua, basi.

Ademar alitaka kuizima barua yako. Alinifuata mlangoni pa uwanja na suti yake mpya. "Bibi Jandira, mambo ya familia haya. Bendi imeshafika. Tusiharibu sherehe." Nikamwambia, "Sherehe ya nani?" Nikaenda kukaa viti vya nyuma, kwenye jua, nilikopangiwa.

Nivaldo akapanda jukwaani. Amezeeka, Anselmo, mabega yameshuka kama ya baba. Alikuwa na karatasi za hotuba yake, akaziweka mfukoni, akatoa barua yako. Aliisoma yote. Alipofika mahali pa karata, alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena. Mke wa Ademar alinigeukia kunitazama, kisha wa pembeni yake, kisha safu nzima. Wale wale wa mlangoni pa kanisa, waliobaki.

Alipomaliza alishuka, akakatiza uwanja katikati, kwenye majani, na viatu vyake vya misa. Akasimama mbele yangu. Nilijiandaa kwa maneno makubwa. Akasema, "Jandira, nyumbani kwako kuna kahawa?"

Nikamwambia, "Ipo. Ya asubuhi, imepoa."

"Mimi nainywa hivyo hivyo."

Alikunywa. Nikampikia kuku kwa bamia na ugali wa mahindi, kama wa mama. Alikula sahani mbili bila kuinua kichwa. Kisha akauliza mama alisema nini, na nikamwambia. Alilia hapo mezani kama mtoto na nilimwacha alie, kwa sababu nami nilimdai kilio hicho. Kisha nikamwambia, "Hukuniuliza mara mbili. Kaka alisema, ukaamini. Mimi nilisema, ukanitukana." Akajibu, "Najua." Alirudia "najua" mpaka nikamwambia anyamaze ale.

Kuhusu wewe hataki kusikia. Nilimpa habari yako ya mlango usiofungwa. Akasema, "Na ufungwe." Sikumbembeleza.

Uwanja hauna jina. Picha yako ya kombe wameniletea nyumbani. Nimeigeuza uso ukutani.

Jandira


TELEGRAMU
CATAGUASES, 24 MEI 2019, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI

NIVALDO AMEPANDA BASI LEO. ATAKUWA KWAKO ALASIRI. HASIRA ANAYO. MIMI PIA. USIFE KABLA HAJAFIKA. IVONE MPE MKONONI SASA HIVI. DADA